Zimelala Ngapi?

Mama yangu alikuwa na swali moja ambalo hakuna mtu kambini aliyekuwa na haja nalo. Kila sahani ya mihogo ilipowekwa mbele yake, kabla hajanyoosha mkono, aliuliza: "Zimelala ngapi?" Sisi watoto tulicheka. Mihogo ya kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikozaliwa, ilikuwa mitamu. Tuliing'oa, tukaifuta udongo kwenye sketi, tukaitafuna mibichi njiani tukienda shule. Haikuwa na sababu ya kulala popote. Lakini Mama aliuliza, na hakugusa chakula mpaka ajibiwe, kwa hiyo tukazoea. "Tatu, Mama." Siku za utundu tulisema mia. Mia aliikataa. Tukisema tatu, alinawa na kula, na sisi tukakonyezana.

Alikuwa ameondoka Burundi akiwa msichana, kwa mbio, kutoka Rumonge, mwambao huu wa ziwa. Huku mihogo inayopandwa ni michungu. Ina sumu. Unaimenya, unaitumbukiza majini, inalala humo siku tatu mpaka ilainike na itoe harufu kali, na ndipo inakuwa chakula. Mtu mwenye akili zake hali muhogo wa mwenzake bila kuuliza umelala siku ngapi. Mama alikuwa ameacha huku nyumba, mashamba na kaburi la baba yake, lakini swali hilo aliondoka nalo, akaliuliza kwa miaka yote ya kambini juu ya mihogo isiyokuwa na kosa. Kwangu mimi lilikuwa mzaha wa nyumbani. Naliandika hili mapema ili lieleweke, maana sitafuti mtu wa kunionea huruma.

Tuliporudi nilikuwa mtu mzima, nina mume na mimba. Tulipata kipande cha ardhi kusini ya mji, si mbali na maji, na hapo nikagundua kwamba swali la Mama ni la watu wote. Wanawake waliulizana sokoni, wakaulizana kwenye mapipa ya kulowekea, wakaulizana hata kanisani wakati wa kugawana chakula baada ya ibada. Zimelala ngapi? Niliuliza kwa nini wasipande mitamu wakaondokana na adha hii. Wakaniambia mitamu haifiki mwaka shambani: wezi wanaila, panya wanaila, wapita njia wanaila. Ile michungu inajilinda yenyewe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ndogo ya binafsi, kwa mkataba, na ugonjwa wangu ulikuwa kusahihisha watu. Mihogo *imelala*, niliwaambia. Siyo zimelala. Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyehamia kutoka upande wa Kivu, muuza ndagala, yaani dagaa, na mpishi wa ubuswage, mkate wa mihogo, alinicheka mpaka akashika kiuno.

"Weye Mutanzania," akasema, "kasahihishe batoto ku masomo. Huku tunaulizaka juu hatutaki kufa."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe. Kumenya, kukata, kujaza pipa, kubonyeza kwa kidole siku ya tatu na kusikia kidole kinazama. Kutoa nyuzi, kuponda, kufunga kwenye majani ya mgomba na kupika kwa mvuke. Nilijifunza vizuri, na ubuswage wangu ulisifiwa. Lakini nilijifunza kwa mikono. Woga wa kitu kile haukuwahi kuniingia tumboni, kwa sababu tumbo langu lilikuzwa na mihogo ya kutafunwa njiani.

Halafu ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja hatua moja leo, hatua nyingine wiki ijayo, na siku za upepo lilikuja hatua kumi kwa mara moja. Lilichukua choo kwanza, kisha jiko. Siku lilipoingia chumbani tulihamisha magodoro kwa vichwa, Mama nikimshika mkono, maana mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho yote mawili na alichokiona ni mwanga tu. Tukapewa kona katika darasa la shule iliyo juu ya barabara, familia saba chumba kimoja, mapazia ya vitenge katikati yetu. Ukikohoa, familia ya saba inakupa pole.

Shule niliyofundisha nayo iliingia maji, na mkataba wangu ukaisha hapo hapo. Mume wangu alivuka kwenda Tanzania kutafuta kibarua na simu yake ikawa haipatikani. Msaada ulikuja mara ya kwanza, ukaja mara ya pili, baadaye tukawa tunausikia redioni. Tulikula sombe, majani ya mihogo, ya kuchemsha bila mafuta. Tulikunywa chai isiyo na sukari wala majani, yaani maji ya moto. Jirani yangu, aliyehamia chumba cha darasa kilicho pembeni yetu, alitugawia chake mara mbili, na mara ya tatu nilimficha mtoto wangu nyuma ya pazia ili jirani asione kwamba tuna njaa. Huo ulikuwa ujinga wa kiburi, na sikuwa na kitu kingine cha kuringia.

Tulichobakiwa nacho kilikuwa shamba la mihogo. Nililipigia hesabu kila siku. Lilikuwa juu kidogo ya nyumba, na mihogo yake ilikuwa imekaribia mwaka. Nilimwambia Mama: tukiivuna tutakula miezi mitatu, na nyingine nitauza, na tutapanga chumba mjini. Nilisema hayo mara nyingi mpaka mtoto wangu, mwenye miaka sita, akawa anayarudia kwa wanasesere wake wa majani ya mgomba. Kisha wiki moja upepo ukavuma siku tatu mfululizo, na shamba nalo likaingia ndani ya ziwa.

Asubuhi ya siku ya nne niliingia majini. Maji yalinifika kiunoni, kwingine kifuani. Nilishika mashina kwa kupapasa, nikavuta, na mihogo ilitoka kwa urahisi wa kutisha, imevimba, ngozi inabanduka yenyewe. Mingi ilikuwa imeshaoza na ikabaki mkononi mwangu kama uji. Nililia humo humo majini, kwa sauti, hakukuwa na wa kunisikia. Nilipotoka nilikuwa na nusu gunia. Mwaka mzima wa jasho, nusu gunia.

Jirani yangu alinikuta barabarani nikiliburuta. Aliingiza mkono ndani ya gunia, akatoa muhogo mmoja, akaubonyeza, akaunusa.

"Hii ilikuwa ndani ya maji siku ngapi?"

"Tatu," nikasema. "Ziwa limetufanyia kazi. Imeshalala."

"Apana, mama. Hiyo haiyalala. Iko na nguo yake mwilini." Alimaanisha ganda. "Sumu inatokea wapi, nguo iko inafunga? Leta, tuimenye, tuitie mu pipa yangu. Siku tatu. Siku mbili haitoshi."

Alikuwa sahihi na nilijua yuko sahihi. Hilo ndilo ambalo nimeligeuza kichwani kila siku tangu wakati ule, na kila ninavyoligeuza linatoka vile vile. Sikukosa kujua. Tulikaa chini, tukamenya, akajaza pipa lake. Aliponigeuzia mgongo kwenda kuchota maji, nilichukua mihogo minne nikaificha ndani ya kitenge changu kiunoni. Minne niliyoichagua kwa kidole, ile iliyolainika kuliko yote. Siku tatu ni neno jepesi kwa mtu aliyeshiba. Mtoto wangu alikuwa hajatia kitu kigumu tumboni tangu juzi, na Mama alikuwa ameacha kuuliza kama tutakula, na kwa mtu mzee hiyo ni dalili mbaya.

Jirani alipoondoka na beseni lake la ndagala kwenda sokoni, nikawasha moto nyuma ya darasa. Nikaichemsha, nikamwaga maji, nikaichemsha tena, nikajiambia kwamba kuchemsha mara mbili ni sawa na kulala siku moja, na siku tatu za ziwani zinajazia. Nikaiponda. Familia moja ilinipa mawese ndani ya kikombe, nikayatia yote, na chumvi nyingi, na mabaki ya ndagala. Mpishi yeyote atakuuliza: mbona mawese yote kwa chakula kidogo namna hiyo? Niliyatia ili yafunike uchungu. Wala sikuonja. Tangu nijue kupika sijawahi kuacha kuonja, lakini siku ile mwiko haukufika mdomoni mwangu, nikajidanganya kwamba ninawaachia wao.

Ilijaa sahani moja. Niliiweka mbele ya Mama kwenye mkeka, mchana, watu wote darasani, na mtoto nikamketisha kando yake wale pamoja kama kawaida yao. Mama alinusa mawese, uso ukamchangamka. Akanawa. Akainua uso kunitafuta ninakosimama.

"Zimelala ngapi, mwananje?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema kile nilichokuwa nikisema tangu nina miaka minne.

"Tatu, Mama."

Akachukua tonge la kwanza, akalimeza. La pili akalitafuna polepole, akaacha kutafuna, akatulia na shavu limejaa. Nilidhani ndagala imemchoma. Akalimeza. Mkono wa mtoto ulipogusa sahani, Mama aliupiga kofi, yeye ambaye hajawahi kumpiga, akaivuta sahani mapajani mwake, akainama juu yake na kuanza kula haraka haraka, karibu kwa mikono miwili, bila kuinua kichwa.

"Bibi," mtoto akasema. "Na mimi."

"Hiki ni changu. Wewe utakula cha jioni."

Sijui nieleze vipi nilichosikia moyoni. Kambini mwanamke huyu alitugawia posho yake mpaka mifupa ya mabega ikamtoka. Sasa anamnyima mjukuu wake mbele ya watu, midomo imejaa mafuta. Mapazia yakaanza kusogea. Mtu akaguna. Mtoto akaanza kulia, siyo kwa kelele, kile kilio cha mtoto aliyechoka.

"Mama, huoni aibu?" nikasema. "Uzee umekugeuza fisi?"

Alipangusa sahani kwa kidole mpaka ikawa safi, akaiweka chini, akaomba maji. Nilimpa maji bila kumtazama. Mtoto nilimpeleka nje, nikamchemshia sombe.

Haikupita muda mrefu. Nilimkuta Mama amejiegemeza ukutani anasema kichwa kinazunguka. Kisha akatapika, akatapika tena, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Wanaume wawili wa darasani walimbeba kwenye blanketi mpaka kituo cha afya, mimi nyuma yao nimeshika viatu vyake. Wakati ule wa mafuriko kila anayetapika alihesabiwa kuwa wa kipindupindu, basi wakamlaza ndani ya hema lililopigwa uani, kitanda chenye tundu katikati, wakamtundikia serumu. Muuguzi alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliuliza maswali yake kwa haraka akiandika kwenye karatasi. Amekunywa maji ya ziwa? Ameharisha? Amekula nini?

"Mihogo," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Zimelala ngapi?"

Wale wanaume wawili walikuwa bado wamesimama mlangoni, wanapangusa jasho. Walikuwa wamesikia nikimwita mama yangu fisi. Huku mtu akifa baada ya kula, kinachoulizwa kwanza ni mkono uliompakulia, na mkono wenyewe ni wa mtu aliyetoka Tanzania juzi, ambaye hata muhogo hajui kuusema. Niliona yote hayo kwa mara moja. Woga ambao haukuniingia kwa mihogo uliniingia kwa watu.

"Tatu," nikasema.

Akaandika. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilikaa pale nimemshika Mama mguu. Serumu ilidondoka. Mara ya kwanza alipotetemeka nilijiambia ni baridi. Mara ya pili midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na mkono wake ulikuwa unanitafuta juu ya shuka, nikaushika. Hapo nikaitwa na kitu, sijui kama ni Mungu au ni ukelele wa mtoto kwenye kitanda cha jirani, nikasimama na kwenda kumshika yule muuguzi koti.

"Hazikulala," nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisema kama wanavyoisema wao. "Zilikuwa ndani ya maji na maganda yake. Hazikulala hata siku moja."

Hakunigombeza. Alitazama saa, akakimbia kumsikiliza moyo, akatoka na simu kuomba gari la kumpeleka hospitali ya mjini. Barabara ilikuwa na maji sehemu mbili, gari lingezunguka. "Ungesema ulipofika," akasema tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumzia mvua.

Nikarudi kwa Mama. Nikapiga magoti kwenye matope ya hema lile.

"Mama, nimekudanganya. Hazikulala."

"Najua," akasema. "Tonge la pili nikajua."

"Sasa mbona hukusema?"

Alivuta pumzi nyingi kabla ya kupata sauti. "Niseme mbele ya wale watu? Wangekuita mrozi, mtilia watu sumu. Ungekaa wapi na mutoto?" Akapumzika. "Nilijua tumbo langu litaziweza. Zamani tulikula hivyo, tukatapika, tukapona."

"Ungeacha basi. Ungeacha kwenye sahani."

"Nani angekula?"

Jibu tulilijua sote wawili. Sahani ingebaki mbele ya mtoto, na mimi ningemwambia mtoto ale.

Nilimwomba msamaha kwa neno la fisi. Sina hakika kama alinisikia. Gari halikuwa limefika wakati muuguzi alipokuja kuchomoa sindano, na jua lilikuwa bado liko juu ya milima ya Kongo.

Tulimzika kesho yake, kwenye makaburi ya mlimani kwa sababu yale ya chini yalikuwa na maji. Watu waliimba vizuri. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Walisema ni kipindupindu, na hema lile lilitosha kuwa ushahidi. Nimemwambia jirani yangu ukweli, na mchungaji, na sasa ninaandika. Mama alinunua kwa bei kubwa ukimya wa watu wale, na ninajua kwamba kwa kuandika haya ninaurudisha. Lakini siwezi kuishi ndani yake. Nimejaribu.

Siku ya tatu jirani yangu alikuja darasani na beseni limefunikwa kitambaa. Ndani kulikuwa na ubuswage uliofungwa kwa majani, bado wa moto, mwingi, wa kutosha waombolezaji wote. Ilikuwa mihogo yangu. Ilikuwa imekaa ndani ya pipa lake muda wote ule, wakati tunambeba Mama, wakati tunamzika, ikilainika taratibu kama alivyosema.

Alifungua kifurushi kimoja akakiweka mbele ya mtoto wangu kwenye ule ule mkeka. Mtoto alikuwa na njaa, nilimwona akimeza mate. Hakunyoosha mkono.

"Zimelala ngapi?" akauliza.

"Tatu, mwanangu," jirani akasema.

Mtoto akageuka, akanitazama mimi. "Za kweli?"

Nikakaa chini. Nikamega, nikaonja kabla yake, nikatafuna mpaka mwisho. Haukuwa mchungu. Nikamwambia ale.